Makanisa ya Kinama: Waumini wameketi pamoja, maombolezo bado mbalimbali

Jumapili asubuhi katika mtaa wa Kinama, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, kengele za Wakatoliki na vipaza sauti vya Wapentekoste hushindana kuwaita watu. Mtaa huu ungali na Wahutu wengi, lakini Watutsi wamerudi, na kwenye benchi moja na wenyeji huketi Wakongo waliovuka mto Rusizi kutoka Uvira, Fizi na Bukavu, baadhi yao wakitoka katika jamii ambazo upande wa pili wa mto zinatazamana kwa bunduki. Kwa mtu aliyeijua Kinama ya miaka ya 1990, au ya Februari 2001, picha hiyo si jambo dogo.

Hata hivyo, kuchanganyika kwenye mabenchi ni jambo moja, na kuwa jamii moja ya waumini ni jambo jingine. Swali linalostahili kuulizwa Kinama leo si nani ameketi karibu na nani. Ni wafu wa nani wanaombewa kwa sauti, na ni kwa lugha gani uamuzi wa kanisa unafanyika baada ya ibada kumalizika.

Kipimo cha Marekani hakifiki hapa

Mjadala wa dunia kuhusu uanuwai makanisani kwa kawaida huanzia Marekani. Martin Luther King, akihojiwa kwenye televisheni mwaka 1960, aliona aibu kwamba saa tano ya asubuhi ya Jumapili ilikuwa miongoni mwa saa ambazo Wamarekani walitengana zaidi kwa rangi ya ngozi. Watafiti wa huko wamejiwekea kipimo tangu wakati huo: kanisa huhesabiwa kuwa la mchanganyiko iwapo hakuna kundi moja la rangi linalozidi asilimia 80 ya waumini wake.

Kipimo hicho kinafaa pale ambapo mtu anaweza kusimama mlangoni akahesabu. Nchini Burundi hakifai. Wahutu, Watutsi na Watwa wanazungumza Kirundi kimoja, wanaitwa majina yanayofanana, na wamebatizwa katika madhehebu yale yale. Hakuna aliyeandikwa kabila lake usoni, licha ya hadithi za pua na kimo zilizoenezwa tangu enzi za ukoloni, na ambazo bado kuna watu wazima wanaozisimulia kana kwamba ni elimu. Marekani mstari wa utengano hupita kati ya kanisa na kanisa. Burundi hupita ndani ya kanisa lile lile, katikati ya benchi, na kwa hiyo ni vigumu kuuona na ni rahisi mno kuukana.

Kanisa lenyewe lilishiriki kuuchora mstari huo. Wakati wa utawala wa Ubelgiji, elimu ya juu iliyokuwa mikononi mwa mashirika ya kitawa iliwapendelea watoto wa machifu. Shule ya Astrida, mji ulioitwa baadaye Butare na leo Huye nchini Rwanda, ndiyo mfano unaokumbukwa zaidi. Baadaye mizani iligeuka. Chini ya Jean-Baptiste Bagaza, aliyetawala Burundi kuanzia mwaka 1976 hadi 1987, serikali iliwafukuza wamisionari, ikazuia ibada za katikati ya wiki na kuvifunga vituo vya Yaga Mukama, ambako watoto wa wakulima, wengi wao Wahutu, walijifunza kusoma pamoja na katekisimu. Kila upande, basi, una sababu ya kukumbuka wakati ambapo kanisa lilikuwa la wengine.

Mtaa uliogawanywa

Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuchaguliwa kuwa rais wa Burundi, aliuawa na wanajeshi Oktoba 21, 1993, miezi mitatu tu baada ya kuapishwa. Mikoani maelfu ya Watutsi waliuawa na majirani zao, na jeshi, ambalo wakati huo lilitawaliwa na Watutsi, likajibu kwa kuwaua Wahutu bila kuchagua. Vita vilivyofuata vinakadiriwa kuangamiza watu wapatao 300,000.

Katika jiji la Bujumbura vita hivyo vilipita mtaa kwa mtaa. Makundi ya vijana wa Kitutsi yaliyojulikana kama Sans Échec yaliwafukuza Wahutu kutoka Ngagara na Cibitoke. Kamenge na Kinama zikabaki mitaa ya Wahutu, zikawa pia maficho ya wapiganaji. Machi 1995 vurugu ziliingia Bwiza na Buyenzi, mitaa ya Waswahili iliyokuwa ikitajwa kuwa ya mwisho yenye mchanganyiko, na watu wengi wakakimbilia nchi iliyoitwa bado Zaire. Miezi michache baadaye jeshi liliingia Kamenge kwa silaha nzito na kuwatawanya wakazi wake.

Zamu ya Kinama kuwa uwanja wa vita ilifika mwishoni mwa Februari 2001, wakati Nelson Mandela alipokuwa bado msuluhishi na mkataba wa Arusha wa Agosti 28, 2000 ungali na wino mbichi. Wapiganaji wa FNL, kundi ambalo halikuwa limetia saini mkataba huo, waliuteka mtaa na kuushikilia kwa takriban wiki mbili. Makumi ya maelfu ya wakazi walikimbia. Waliporudi walikuta nyumba zisizo na mabati wala milango.

Ni rahisi kusahau maana ya hayo yote kwa muumini wa kawaida. Mipaka ya parokia haikuchorwa kwa kufuata kabila. Mtu aliyeishi upande mmoja na kusali upande mwingine alilazimika kuchagua kati ya misa na maisha yake, kwa kuwa kutembea dakika 20 kuelekea kanisani kulimaanisha kuvuka mstari wa mapambano. Wengi walichagua kusali karibu na nyumbani, pamoja na watu wa kwao. Kwa njia hiyo mabenchi yalipata kabila moja bila askofu yeyote kutoa amri, na watoto waliopata komunyo ya kwanza katika miaka hiyo walikua wakidhani ndivyo kanisa lilivyo.

Waliokataa kugawanywa

Historia hiyo ina kurasa nyingine pia. Padre Michel Kayoya, Mhutu na mshairi, aliuawa Gitega mwezi Mei 1972, wakati serikali ya kijeshi ya Watutsi ilipokuwa ikiwaua Wahutu waliosoma. Askofu mkuu Joachim Ruhuna, Mtutsi, aliuawa Septemba 9, 1996 katika shambulio la kuvizia lililodaiwa kufanywa na waasi wa Kihutu, baada ya kuwa amewalaani wauaji wa pande zote. Aprili 30, 1997 waasi wa Kihutu waliingia katika seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi, wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana walikataa. Arobaini kati yao waliuawa, na miili yao ilipokusanywa ilikuwa ya makabila yote mawili.

Juni 21, 2019 Kanisa Katoliki la Burundi lilifungua rasmi mchakato wa kuwatangaza wenye heri watu 44: padre Kayoya, vijana 40 wa Buta, na Waitaliano watatu, mapadre Ottorino Maule na Aldo Marchiol pamoja na mlei Catina Gubert, waliouawa Buyengero Septemba 30, 1995. Ni uamuzi uliopimwa vizuri. Ndani ya faili moja wamo waliouawa na jeshi la Watutsi na waliouawa na waasi wa Kihutu, wazawa na wageni.

Kisa cha Buta kwa kawaida husimuliwa kama muujiza wa usiku mmoja. Nadhani hapo ndipo kinapopoteza faida yake. Aliyekuwa mkuu wa seminari hiyo, padre Zacharie Bukuru, ambaye alinusurika, ameeleza katika kitabu chake kwamba ulikuwapo utaratibu wa muda mrefu kabla ya siku ile: vijana waliachwa wazungumze waziwazi kuhusu yaliyokuwa yakitokea nchini, ikiwa ni pamoja na yale yaliyowatia hofu kuhusu wenzao. Hawakufunzwa kusahau kabila. Walifunzwa kulitaja bila kuogopana. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ni kubwa, na makanisa mengi ya Bujumbura yamechagua lile la kwanza kwa sababu ni jepesi.

Karibu na Kinama kuna mfano mwingine, na ajabu yake ni kwamba haukuzaliwa ndani ya ibada. Kituo cha Vijana cha Kamenge, kilichoanzishwa na wamisionari Waksaveri mwanzoni mwa miaka ya 1990, kilikusudiwa kuwakutanisha vijana wa mitaa sita ya kaskazini: Buterere, Cibitoke, Gihosha, Kamenge, Kinama na Ngagara. Vita vilipogawanya mitaa hiyo, kituo kiliendelea kuwaita vijana wa pande zote kwenye soka, maktaba, masomo ya lugha na kambi za kazi za kujenga nyumba zilizobomolewa. Mwaka 2002 kilipata tuzo ya Right Livelihood, inayoitwa na wengi Nobeli mbadala. Waislamu walikuwemo, Waprotestanti walikuwemo, na hakuna aliyeulizwa cheti cha ubatizo. Wakati kanisa la Jumapili lilipokuwa likigawanyika, uwanja wa mpira ulikuwa ukifanya kazi ambayo mimbari haikuiweza.

Kiswahili, mlango na ukuta

Kwa wasikilizaji wanaozungumza Kiswahili, sura ya sasa ya suala hili inawagusa moja kwa moja, na kwa namna ambayo haizungumzwi sana.

Kiswahili kilifika kwenye ukingo wa ziwa Tanganyika pamoja na misafara ya wafanyabiashara, kisha kikatumiwa na askari wa Wajerumani katika kituo cha Usumbura, ambacho ndicho Bujumbura ya leo. Kikabaki lugha ya mji, ya soko na ya Buyenzi. Katika Kirundi neno umuswahili lilikuja kumaanisha Mwislamu, mtu wa mjini, na kwa wepesi wa ulimi likamaanisha pia mjanja asiyeaminika. Mkristo anayezungumza Kiswahili nchini Burundi kwa hiyo ni wachache ndani ya wachache: kanisani hudhaniwa ni Mwislamu aliyepotea njia, au Mkongo.

Mambo yamebadilika tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 1, 2007. Kiswahili kinafundishwa shuleni. Wakimbizi waliorejea kutoka Tanzania, wengine wakiwa wamezaliwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, walikuja na nyimbo walizozijifunza huko. Wakongo nao walikuja na Kiswahili cha Kivu, ambacho ndicho lugha ya ibada katika sehemu kubwa ya mashariki ya nchi yao. Baada ya waasi wa M23 kuiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, zaidi ya watu 40,000 waliingia Burundi ndani ya wiki chache. Wengi walipokelewa mpakani na kambini, lakini kila wimbi la namna hiyo huacha watu katika mitaa ya Bujumbura ambako kuna ndugu au chumba cha kupanga cha bei nafuu.

Ndiyo maana ibada ya Kiswahili imekuwa jambo la kawaida jijini, ama kama saa yake pekee, ama kwa mkalimani anayesimama kando ya mhubiri na kumfuata sentensi kwa sentensi. Ukiitazama kwa makini, utaona jambo ambalo halikukusudiwa na mtu. Katika ibada ya Kirundi, swali la mtu anatoka kilima gani halikosi kunusa kabila, kwa sababu Warundi wanajua vilima vyao na historia ya kila kimoja. Katika ibada ya Kiswahili swali hilo halina jibu lenye maana. Mhutu aliyezaliwa Tanzania, Mtutsi aliyekulia Bwiza, Mbembe wa Fizi na Mnyamulenge wa Minembwe wote wanasali kwa lugha ambayo si ya kilima cha yeyote kati yao. Kipimo cha asilimia 80 kikipelekwa huko, ibada hiyo ingefaulu kuliko nyingine nyingi.

Lakini mlango huo huo ni ukuta. Ibada ikiisha, kikao cha wazee wa kanisa hufanyika kwa Kirundi. Hesabu za sadaka husomwa kwa Kirundi. Uchaguzi wa viongozi wa jumuiya, ratiba ya ubatizo, mchango wa kujenga ukuta au kununua gitaa, yote hupita katika lugha ambayo waumini wa saa ya Kiswahili wanaielewa nusu nusu. Kwa nia njema kabisa, kanisa limewapa wageni saa yao na kujibakizia nyumba. Baada ya miaka mitano wageni huchoka kuwa wageni. Mchungaji miongoni mwao hukodi chumba, hununua viti vya plastiki, na kanisa jipya la Wakongo huzaliwa mita 200 kutoka lile la zamani. Sheria ya Desemba 2014 kuhusu madhehebu ya dini inalitaka kanisa la namna hiyo lijiandikishe serikalini, jambo ambalo si jepesi kwa mkimbizi, na lisipofanikiwa huishi kwa wasiwasi wa kufungwa.

Utengano wa namna hii hauna mauaji ndani yake, na pengine ndiyo sababu hautazamwi. Ila ni utengano wa kawaida kabisa, wa aina ile ile aliyoizungumzia King: makanisa mawili, barabara moja, saa moja.

Watwa, kwa upande wao, hawana hata saa. Ni takriban asilimia moja ya Warundi, na kwa vizazi vingi majirani zao walikataa kunywa nao kutoka mtungi mmoja. Kwa dini ambayo kiini chake ni kula na kunywa pamoja, mtu angetarajia suala hilo lihubiriwe kila mwaka. Halihubiriwi.

Tarehe zinazogawanya

Yote hayo yanafikia ukali wake kwenye kalenda.

Oktoba 21 ni siku ya mapumziko nchini Burundi, ya kumkumbuka rais Ndadaye. Kwa Mhutu wa Kinama ni siku ambayo matumaini yake yaliuawa pamoja na mtu aliyempigia kura. Kwa Mtutsi ni siku yalipoanza mauaji ya jamaa zake. Kibimba, kwenye misheni ya Marafiki wanaojulikana pia kama Wakweka, wanafunzi wa Kitutsi walichomwa moto ndani ya kituo cha mafuta siku hiyo hiyo. Tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilihitimisha mwaka 1996 kwamba vitendo vya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi vilifanyika Oktoba 1993, na ripoti hiyo hiyo ikaeleza jinsi wanajeshi na raia wa Kitutsi walivyowaua Wahutu. Tarehe ni moja, maombolezo ni mawili. Mchungaji wa kanisa lenye watu wa pande zote afanye nini Jumapili iliyo karibu na Oktoba 21?

Aprili 29 inakumbusha mwaka 1972. Mapema mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano, ambayo mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa kasisi wa Kikatoliki, Jean-Louis Nahimana, ilitangaza kufukua mabaki ya watu zaidi ya 6,000 mkoani Karusi, karibu na mto Ruvubu. Desemba 2021, chini ya mwenyekiti mwingine, Pierre-Claver Ndayicariye, tume hiyo ilitamka kwamba Wahutu walitendewa mauaji ya kimbari mwaka 1972. Wakosoaji wake wanasema imechimba mwaka huo na kuiacha 1993 ikisubiri.

Kisha kuna Agosti 13. Usiku wa tarehe hiyo mwaka 2004, katika kambi ya Gatumba, magharibi mwa Bujumbura, zaidi ya wakimbizi 150 wa Kikongo, wengi wao Wanyamulenge, waliuawa kwa risasi na moto. FNL ilikiri kuhusika. Manusura walieleza kwamba washambuliaji walifika wakipiga ngoma na kuimba nyimbo za dini. Mtu aliyesikia wimbo wa namna hiyo usiku ule akiwa chini ya kitanda, kisha akaja kusali katika mitaa ya kaskazini, ambako kundi hilo lilikuwa na wafuasi wengi, ana swali halali kuhusu kwaya inayoimba mbele yake. Hali imezidi kuwa nyeti sasa, kwani Burundi ina wanajeshi Kivu Kusini wanaoisaidia serikali ya Kinshasa dhidi ya M23, na Mnyamulenge anayeishi Bujumbura anajikuta akishukiwa kwa sababu tu ya sura na lafudhi yake.

Jibu la makanisa mengi kwa tarehe hizi zote ni kimya, au mahubiri ya msamaha yasiyomtaja aliyekosa wala aliyekosewa. Kimya hicho kina hekima yake, na asiyeishi jirani na mtu aliyemuulia ndugu asiwe mwepesi wa kukicheka. Watu wamejenga amani ya kila siku juu yake: wanakopeshana chumvi, wanasaidiana kwenye misiba. Lakini kimya si kutoegemea upande. Dola ina siku zake rasmi, mashada yake na ripoti yake. Kanisa likinyamaza, wafu wanaotambuliwa na dola wanaombolezwa hadharani, na wengine wanaombolezwa jikoni, milango ikiwa imefungwa. Waumini wanarudi kwenye benchi moja Jumapili inayofuata, kila mmoja akijua kwamba mwenzake ameomboleza mahali pengine.

Nani atahesabu

Katiba ya mwaka 2005, iliyotokana na mkataba wa Arusha, iliamua kuhesabu. Ilitenga viti vya serikali na vya Bunge la taifa kwa uwiano wa asilimia 60 kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi, vyombo vya ulinzi nusu kwa nusu, na nafasi tatu za Watwa katika kila baraza la Bunge. Mwaka 2018 serikali ilipeleka hesabu hiyo hadi kwenye mashirika ya kigeni yasiyo ya kiserikali, ikayataka yaonyeshe makabila ya wafanyakazi wao, na baadhi yakaondoka nchini badala ya kufanya hivyo. Katiba mpya ya mwaka huo huo ililipa Baraza la Seneti jukumu la kutathmini iwapo mgao huo uendelee, na kazi hiyo ilianza mwaka 2023.

Makanisa hayajawahi kuhesabu, na kwa maoni yangu hayapaswi kuanza. Orodha ya makabila iliyobandikwa kwenye mlango wa parokia ingekuwa janga. Lakini iwapo mgao wa dola utaondolewa siku moja, hakutabaki taasisi yoyote nchini inayolazimika kujiuliza kama meza ya uamuzi inafanana na watu walioko mbele yake. Migogoro ya uongozi katika madhehebu ya Kiprotestanti tayari husomwa haraka kwa macho ya kabila au mkoa, hata pale ambapo chanzo ni pesa tu.

Yako mambo madogo yanayowezekana bila orodha na bila sheria. Kikao cha wazee kinaweza kuwa na mkalimani kama ibada ilivyo naye. Gharama yake ni muda. Muhtasari wa hesabu unaweza kubandikwa kwa lugha mbili. Mhasibu anaweza kutoka saa ya Kiswahili mwaka mmoja na saa ya Kirundi mwaka unaofuata. Na kuhusu wafu, Wakatoliki wana nafasi ambayo imo tayari katika kalenda yao. Novemba 2, siku 12 baada ya Oktoba 21, ni kumbukumbu ya marehemu wote, ambapo familia huandika majina ya watu wao kwenye karatasi ili yaombewe. Karatasi hizo hazina safu ya kabila, wala hazidai maelezo ya namna mtu alivyokufa. Jina la aliyezikwa Ruvubu linaweza kufuatwa na la aliyechomwa Kibimba, kisha la aliyeuawa Gatumba, yakisomwa kwa sauti ile ile. Wapentekoste hawana siku kama hiyo, kwa hiyo watalazimika kuitunga, na wakiitunga itabidi waamue kwanza kama majina ya Wakongo yatasomwa katika ibada ya wote au yatasubiri ile ya Kiswahili.